Chini ya uso wetu wanaandika paka "muhanga"

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Butembo, na nyinyi wenye vita iliwatupa Kampala, Nairobi ao Bujumbura,

Wiki iliyopita mumoja wetu alipokea ujumbe ku WhatsApp. Timu ya watu wa filme kutoka Ulaya inatafuta kijana wa kuwatembeza na kuwatafsiria. Walituma na orodha ya watu wenye wanahitaji: mama mwenye alibakwa na anakubali kuongea, mutoto mwenye alibeba silaha, na "maisha ya kambi". Kambi gani? Kila mutu wa huku anajua kama kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilivunjwa mu mwezi wa pili 2025, siku chache kisha M23 kuingia mu muji. Watu walikunja mahema yao wakaondoka, wengine kwenda mu vijiji vyenye nyumba haziko tena. Lakini orodha ilikuwa imeisha kuandikwa mbele mutu yeyote afike hapa.

Ule mwenzetu alisoma komunikasyo, alimaliza na lisanse yake, na tangu siku ile anatafuta kazi. Siku tatu za kutembeza wale wageni zingemulipia nyumba miezi mbili. Alituuliza: niende ao nisiende? Tulibishana usiku muzima, na hii maandiko inatoka mu ule ubishi. Wengi wetu tuko sawa na yeye, diploma mu sanduku na CV mu simu, kwa hiyo musifikiri tunaongea kama watu wenye kushiba.

Tuanze na wale wenye walisema aende. Hawakuwa wajinga. Walisema: vita yetu inasahauliwa kila siku, habari ya Ukraine na ya Gaza inaifunika, na fasi hakuna kamera watu wanakufa kimya. Walikumbusha kama ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, ile ya Mapping, iliandika visa 617 vya uhalifu mukali kati ya 1993 na 2003, na watu wengi wa huku walisikia habari yake mara ya kwanza kupitia filme, si kupitia serikali. Thierry Michel aliijenga mu L'Empire du silence, miaka 25 ya damu, na filme ile ilizungushwa mu miji ya inchi. Ni kweli. Kamera ilitusaidia.

Basi shida yetu haiko kama hatuonekani. Tunaonekana kupita kiasi. Shida iko: tunaonekana kama nini?

Fanya hii: chukua filme yoyote ya vita ya Kivu, ondoa sauti, na usome tu yale maandiko inapita chini ya uso wa mutu. Chini ya muzungu utasoma jina, jina la baba, kazi, shirika. Chini ya jenerali, jina na cheo. Chini ya mama wa kwetu utasoma "muhanga", ao "mukimbizi", ao jina moja tu la ubatizo, ao hakuna kitu. Yule wa kwanza anaeleza vita. Wa pili anaiamuru. Wa tatu anailia. Kila filme inagawa kazi vile, na kisha filme kumi, mutu wa inje anaamini kama ginsi ile njo Congo iko.

Virunga ya Orlando von Einsiedel, ya 2014, tunaipenda, tusidanganyane. Kampuni ya Uingereza, SOCO, ilikuwa inatafuta petroli mu parke yetu, na mwaka ule ule ilikubali kuacha. Filme iliongeza kelele kwa wakati wa lazima. Lakini hesabu wenye wanaibeba: mukubwa wa parke, Mubelgiji, mwanahabari, Mufaransa, walinzi wawili, Wakongomani. Hakuna mwanamuke Mukongomani mu wale wane. Wamama wanatokea wakati M23 ya 2012 inakaribia, na wanatokea na mizigo ku kichwa, wakikimbia. Wavuvi wa ziwa Edouard, wenye petroli ingewapatia kazi ao ingewaulia samaki, wanapita nyuma kama miti. Lakini ngagi mayatima tunazijua majina: Maisha, Kaboko, Ndeze, Ndakasi. Ndakasi alikufa 2021, dunia nzima ikamulilia, na sisi pia, juu picha yake na mulinzi wake ilikuwa nzuri sana. Tunauliza tu: wale wamama wa barabara ya Sake, nani anajua hata jina moja?

Si wote wanafanya vile. This is Congo ya Daniel McCabe, ya 2017, iko na mapungufu yake, na iko na sauti ya muzito yenye inajua kila kitu. Lakini ndani mule kuko mushonaji. Alikimbia vita akibeba charahani yake, na mu kambi anaiweka chini na kuanza kushona. Ni mukimbizi, ndiyo, lakini kwanza ni mushonaji. Ako na kazi, ako na mikono, ako na mawazo juu ya wale wenye walimufukuza. Kuko na mama wa biashara ya madini, mwenye hakubali mutu amuhurumie. Kuko kanali mwenye alificha jina juu ya usalama wake, na kuko Kanali Mamadou Ndala, mwenye vijana wa Goma walimubeba ku mabega mu 2013 na kumulilia mu Januari 2014. Watu wane, na hakuna hata mumoja mwenye anafanana na mwingine. Kwetu hiyo njo maana ya kuonyesha watu wa kila namna. Haiko kuhesabu ngozi ngapi nyeusi ziko mu picha, juu ngozi nyeusi mu filme za Congo hazijakosekana hata siku moja.

Sasa tufike ku jambo lenye linatuuma sisi wenyewe, juu tuliifanya kwa mikono yetu: kutafsiri.

Mu 2023 mumoja wetu alitafsiria timu moja mu kambi moja hapa kando ya muji. Mama aliulizwa: ilikuwa namna gani? Akaanza kwa mwanzo, kama mutu yeyote mwenye akili. Shamba yake ilikuwa wapi, ilitoka kwa nani, chefu gani aliiuzisha mara mbili, nani alikuwa anakusanya feza ku barière na siku gani bei ilipanda. Halafu, ku mwisho, usiku wenye walikuja. Dakika zaidi ya kumi. Walimuomba arudilie ile ya usiku, juu mwangaza haukuwa muzuri. Akarudilia. Wakamuomba tena, juu mbuzi ililia. Mara ya tatu hakulia tena, na yule wa kamera akasema mara ya kwanza ilikuwa bora. Filme ilipotoka, mwenzetu aliitafuta ku intaneti mupaka akaipata. Mama ako mule sekunde chache, na chini wameandika: "Waliunguza kila kitu." Chefu haiko. Barière haiko. Bei haiko. Mu majina ya mwisho, mwenzetu aliandikwa mu kundi la "shukrani kwa rafiki zetu wa Goma".

Yule mama alitoa uchambuzi wa vita kuliko wataalamu mingi wenye tunasikia ku radio. Aliongea ardhi, kodi, mamlaka ya kimila, biashara. Walichukua machozi, wakaacha uchambuzi ku meza, alafu wakaenda kutafuta profesa wa London aje aeleze juu ya nini kuko vita. Na sisi njo tulisaidia kukata. Mutafsiri akichoka anafupisha, na akifupisha, kitu cha kwanza chenye kinaanguka ni siasa.

Hii ya tafsiri haiko jambo la kidogo. Mukumbuke 2015. Thierry Michel na Colette Braeckman walileta L'Homme qui répare les femmes, filme juu ya Docteur Mukwege na wamama wa Panzi. Serikali ya wakati ule iliikataza, na waziri wa habari akaeleza kama maneno ya Kiswahili ya wale wamama ilitafsiriwa vibaya juu ya kuchafua jeshi. Kisha wiki kadhaa, kelele ikawa mingi, wakaiachilia. Sisi hatuamini ile sababu. Lakini angalieni mukasa: inchi nzima inabishana juu ya maneno ya Kiswahili, kati ya Kinshasa na Brussels, na watu wenye wangeweza kusema "apana, mama alisema hivi" walikuwa huku, Bukavu na Goma, wamekatazwa kuiona.

Na hata leo, tunaiona wapi? Virunga iko ku Netflix. Kuilipa kunaomba karte ya banki, na banki za Goma zilifungwa Januari 2025. Kuna mega zenye zinakula feza ya unga. Filme inazunguka Berlin, Cannes, Amsterdam, watu wanasimama na kupiga makofi, na mutu mwenye uso wake uko ku ukuta mukubwa ule hajaiona. Mara mingi hajui hata kama iliisha kutoka.

Tuko na mufano wenye unaonyesha kama inawezekana kufanya tofauti, na unatoka Kisangani. Dieudo Hamadi alizaliwa kule. Mu Maman Colonelle, ya 2017, alifuata Kanali Honorine Munyole, mwanamuke wa polisi mwenye alihamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wamama na watoto. Mu filme ile mwanamuke Mukongomani haombi, anaamuru. Anachoka, anakosea, anaomba wauzaji wa soko watoe franga kidogo kwa wajane wa vita. Halafu ikaja En route pour le milliard, ya 2020, filme ya kwanza ya Congo kuingia mu uchaguzi rasmi wa Cannes. Wale ni watu wenye walikatwa miguu na mikono mu vita ya Siku Sita, tarehe 5 mupaka 10 Juni 2000, wakati jeshi la Rwanda na la Uganda walipigania Kisangani kama vile muji hauna wenyewe. Kisha miaka karibu makumi mbili bila malipo, wanapanda mashua na kushuka muto mupaka Kinshasa kuuliza haki yao.

Kama ungempatia ile habari mutu mwingine, angefanya filme ya visigino vyenye havipo. Hamadi anaonyesha vile wanagombana juu ya nani ataongea mbele ya wakubwa. Wanatukanana. Mvua inawapiga usiku chini ya bashe, na asubui wanachekana. Wanacheza tiyatri ya maisha yao wenyewe. Wanafika ku Palais du Peuple, wanasimamishwa ku mulango, na tunaona kama wao njo wanajua sheria kuliko yule mwenye anawazuia. Mu Februari 2022 mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Hatusemi filme njo ilileta ile hukumu, hapana. Tunasema tu, ukiisha kuona wale watu ku mashua, huwezi tena kusikia "milioni 325" bila kuuliza: wao watapata ngapi, na nani atahesabu?

Mwengine atatuambia: basi munataka Wakongomani tu wafilme Congo. Apana. Lisa Jackson ni Mumarekani, na wakati alifanya The Greatest Silence, ya 2007, aliwaelezea wamama wa huku kama yeye pia alibakwa na kundi la wanaume kwao akiwa kijana. Aliweka kidonda chake ku meza mbele ya kuomba cha wengine. Joris Postema, Muholanzi, alikuja hapa Goma na kufanya Stop Filming Us, ya 2020, yenye anajiuliza ndani kama mutu kama yeye ako na haki ya kutufilme, na akaacha vijana wa Goma wamujibu ku uso. Hata hivyo filme ilibaki yake: yeye njo aliuliza, yeye njo alikata. Kwa hiyo Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakachukua picha zenye alikuwa amepiga na wakajenga filme yao mu 2022, Stop Filming Us But Listen. Hiyo kwetu iko hatua kubwa kuliko ile ya kwanza. Muholanzi aliachilia mali, na vijana wa huku hawakuogopa kuichukua.

Sasa sisi wenyewe. Ubishi wetu ulikuwa mutamu mupaka dada mumoja wa kikundi akasema: fungueni simu zenu. Tukafungua video zenye sisi tulitengeneza na kutuma mwaka huu. Aibu. Karibu kila fasi, mwanaume wa muji, mwenye kuvaa vizuri, anaongea Kifaransa chenye amemwagia Kiswahili kidogo. Wadada wanashika bango. Wamama wa soko wanapita nyuma, kama wale wavuvi wa Virunga. Mutu wa kilema hakuna. Wambuti tuliwaweka mara moja, wakicheza ngoma. Wanaume wenye walibakwa, na tunajua kama wako, tumewaficha kuliko hata wazungu.

Na kuko jambo lenye linatisha kusema, lakini tutalisema. Rafiki yetu Munyamulenge, mutoto wa hapa hapa, alituambia: "Kila mara munaweka kamera mbele yangu, munaniuliza kwanza kama niko Mukongomani. Ule mwenye kusimama pembeni yangu, munamuuliza anafikiri nini ya bei ya unga." Hatukukuwa na jibu. Mu vita, filme yenye inapatia kabila moja kazi ya kuua na kabila lingine kazi ya kufa inaweza kuwa na picha za kweli moja kwa moja na ikatuma watu na mapanga ku mulango wa jirani. Tuliona video za namna ile zikizunguka mu simu zetu. Wengine wetu walizituma. Hatutawataja, wanajijua.

Kuko na neno la mwisho la ubishi wetu, na hatukulimaliza vizuri. Tulianza na jina chini ya uso. Lakini mama mwenye alibakwa, mu muji wenye waliomubaka wanatembea muchana na bunduki ku bega, jina linaweza kumuua. Sisi wenyewe hatuweki majina yetu chini ya hii maandiko, na munajua juu ya nini. Kwa hiyo hatuombi majina kwa nguvu. Tunaomba mama aulizwe, na lugha yake, siku mbili mbele ya kamera kufunguliwa na si dakika mbili, uso ukae ao uondoke, jina la kweli ao la kujipatia. Na aseme yeye mwenyewe waandike nini pale chini: mulimaji wa Masisi, mwalimu wa primere, muuzaji wa makala. Akitaka "muhanga", sawa, ni neno lake. Na akibadili mawazo mwaka ujao, filme imutoe.

Mwenzetu aliandikia ile timu Jumatatu. Aliomba mapatano yaandikwe kwa Kiswahili. Aliomba mutafsiri alipwe na aandikwe kama mutafsiri, na apewe haki ya kusoma maandiko ya chini mbele filme itoke. Aliomba filme irudi Goma, ionyeshwe ku fasi zenye watapigia picha, ku ukuta wa kanisa ao shule, hata na projektere ya kukopa. Na akapendekeza orodha nyingine: dada mwenye kuendesha moto usiku, muzee wa chukudu mwenye alibebea watu wane maiti mu Januari 2025, mwanafunzi wa sheria mwenye kilema, kijana Mumbuti mwenye anasoma agronomi, na mama wa makala mwenye anajua bei ya kila barière kutoka Sake mupaka Kitshanga.

Jana jioni walijibu kama produsere anasoma masharti. Dakika tano kisha, ujumbe wa pili ukaingia: "Na ule mama, umeisha kumupata?"

Hatujajibu.